Daftari Lililofungwa Miaka Mia: Kutafuta Nasaba Katika Hesabu ya Watu ya Uingereza ya 1921

Katika mambo waliyoyashughulikia sana wazee wetu wa mwambao ni kujua nasaba. Mtoto hakuwa akifika kukhitimu ila huwa ameshahifadhi jina lake na la baba yake na la babu zake mpaka wa tano au wa sita, akiulizwa barazani hujibu pasina kutafuta. Leo wengi wetu hatuvuki wa tatu. Wala hatuandiki haya kwa kumlaumu mtu, kwani watu wametawanyika sana. Wajukuu wa Pemba na Lamu na Mombasa wazaliwa London na Leicester na Cardiff, na huko huoa na huolewa na watu ambao habari za koo zao hazimo katika makasha ya wazee bali zimo katika makaratasi ya Serikali. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za daftari moja kubwa ambalo lilifungwa kwa miaka 100 na sasa liko wazi: hesabu ya watu wa Uingereza na Wales ya mwaka 1921.

Waingereza walianza kuhesabu watu wao kila baada ya miaka kumi tangu 1801, lakini hesabu ya kwanza ambayo majina ya watu wote yalihifadhiwa kwa taifa zima ni ile ya 1841. Hiyo nayo si ya kutegemewa katika umri, maana makarani waliagizwa kuipunguza miaka ya watu wazima mpaka kwenye tano iliyo karibu. Mtu wa miaka 39 aliandikwa 35. Tangu 1911 zimehifadhiwa karatasi zenyewe walizojaza wakuu wa nyumba kwa mikono yao, na hili ni jambo la thamani sana, kwani mtafutaji huona mwandiko wa babu yake, na mahali alipokosea akafuta, na sahihi yake chini.

Kanuni yao ni kuwa karatasi hizi hufichwa miaka mia moja, ili mtu aseme kweli bila ya kuogopa kuwa jirani yake atamsoma. Hesabu ya 1921 ikafunguliwa tarehe 6 Januari 2022. Kabla ya hapo makaratasi yale yalisafishwa na kutengenezwa na kupigwa picha, zikapatikana picha zaidi ya milioni 18, na ndani yake mna majina ya watu karibu milioni 38. Kazi hiyo ilifanywa na Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyopo Kew, London, pamoja na kampuni iitwayo Findmypast ambayo iliyaweka katika mtandao wa intaneti.

Siku yenyewe ya kuhesabiwa ilikuwa tarehe 19 Juni 1921. Hapo awali ilikusudiwa iwe tarehe 24 Aprili, lakini wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa nje ya kazi na ilichelewa kuwa nchi nzima itasimama, basi ikaahirishwa. Mtafutaji asilidharau jambo hili. Mwezi wa Juni ni wakati wa joto huko kwao, na watu wengi walikuwa wamekwenda kupunga hewa pwani. Mji kama Blackpool ulihesabiwa watu ambao si wake. Karatasi haikuuliza mtu anakaa wapi siku zote, bali iliandika ni nani aliyelala katika nyumba ile usiku ule. Kwa hiyo ukimkosa babu nyumbani kwake usiseme hakuwako duniani. Mtafute katika nyumba za wageni, katika hospitali, katika kambi za askari, na katika meli zilizokuwamo bandarini.

Mambo yaliyoulizwa ni mengi, lakini yapo manne ambayo hayakuwahi kuulizwa kabla yake, au hayakuulizwa kwa namna ile. Kwanza, umri uliandikwa kwa miaka na miezi, na hivyo mtafutaji anaweza kuukadiria mwezi aliozaliwa mtu. Pili, mfanyakazi alitakiwa ataje jina la tajiri wake na mahali anapofanyia kazi. Na kwa kuwa mwaka ule kazi zilikuwa zimeadimika, hata wasiokuwa na kazi walipindukia milioni mbili katika mwezi huo wa Juni, utaona karatasi nyingi zimeandikwa kuwa mwenyewe hana kazi kwa sasa. Tatu, kwa mara ya kwanza mtu aliweza kujiandika kuwa ameachika kwa talaka. Kwetu sisi talaka ni jambo lenye hukumu zake zinazojulikana, lakini kwa Waingereza wa zama zile ilikuwa aibu kubwa, na wako waliojiandika wajane ilhali waume zao wahai mtaa wa pili. Nne, na hili ndilo zito, kila mtoto mdogo aliulizwa kama wazazi wake wote wawili wahai, au baba amekufa, au mama amekufa, au wote wawili wamekufa. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma. Ukizifunua kurasa hizo utaona maneno hayo mawili, “baba amekufa”, yamerudiwa nyumba baada ya nyumba.

Sasa tuje kwa Waislamu waliomo katika daftari hili. Watu wengi hudhani Uislamu Uingereza ni jambo la juzi. Sivyo. Msikiti wa Woking ulijengwa mwaka 1889, na mwaka huohuo Abdullah Quilliam, wakili wa Liverpool aliyesilimu, alikuwa na nyumba ya sala katika mji wake. Na katika bandari za Cardiff na South Shields walikaa mabaharia wa Yemen waliopitia Aden, na Wasomali, ambao wengi wao walifanya kazi ya kutia makaa katika tanuri za meli, kazi ambayo joto lake twaliskia kwa wazee waliopanda meli za zamani. Walikaa katika nyumba za kupangisha mabaharia zilizoshikwa na Waarabu wenzao, ambako walipata chakula cha halali na mahali pa kusali. Wengine walioa wanawake wa kulekule, wakazaa. Mwaka 1919 walishambuliwa mitaani katika miji hiyo, na mwaka 1925 ikatoka amri ya kuwabana mabaharia wa rangi wasiokuwa na karatasi za uraia. Hesabu ya 1921 imeangukia baina ya mambo mawili hayo, na ndiyo maana ni ushahidi mkubwa wa watu hao: iko nyumba, uko mtaa, ziko nafsi zilizolala humo usiku mmoja.

Taabu ya kwanza itakayomkuta mtafutaji ni majina. Karani wa Kiingereza alitaka kila mtu awe na jina la ukoo liwe la mwisho, na sisi tuna jina la mtu na jina la baba yake. Ali bin Said akawa “Bwana Said”, na mwanawe Ahmed bin Ali akawa “Bwana Ali”, na kwa mujibu wa karatasi watu hawa wawili hawahusiani. Huenda Ali huyohuyo katika meli moja ameandikwa kwa jina la kwanza na katika meli nyingine kwa la pili. Muhammad peke yake utalikuta kwa herufi za namna nyingi: Mahomed, Mohamed, Muhamed, Mohammed. Na kisha yuko mwandishi wa siku hizi aliyeusoma mwandiko wa miaka mia nyuma akaunakili katika faharasa, naye hajui Kiarabu, basi Salih akamfanya Sally na Qasim akamfanya jina ambalo hata sisi hatukuweza kulitambua mpaka tulipoiona karatasi yenyewe.

Kwa hiyo twawausia wasomaji wetu: msitafute kwa jina peke yake. Tafuteni kwa mahali alipozaliwa mtu, kwani aliyezaliwa nchi za nje aliulizwa nchi yake na uraia wake. Wekeni Aden, au Arabia, au Somaliland, au Zanzibar, kisha wekeni mji aliokuwa akikaa. Tafuteni kwa kazi. Tafuteni kwa mtaa, kama mnayo barua ya zamani au cheti cha ndoa chenye anuani. Tafuteni kwa jina la mke, ambalo kwa kuwa ni la Kiingereza karani hakulikosea. Na mkimpata mtu msiridhike na nakala iliyochapwa; itazameni picha ya karatasi, na mzitazame na nyumba za jirani, kwani shemeji na ndugu mara nyingi walikaa mlango wa pili.

Wako pia watu waliobadilisha majina yao wenyewe kwa khiari. Huyo Quilliam tuliyemtaja, alipoondoka Liverpool na kurejea Uingereza baadaye, aliishi kwa jina la Leon, na kwa jina hilo alifariki mwaka 1932. Mwenye kumtafuta kwa jina alilozaliwa nalo tu atapotea njia.

Mzazi mmoja wa wanafunzi wetu ana binti aliyeolewa Cardiff na kijana Mwislamu, mzaliwa wa hukohuko. Kijana huyu husema kwamba baba wa babu yake alikuwa Mwarabu wa Yemen, mwenye nyumba ya mabaharia, na mkewe mwanamke wa Kiwelshi. Na jina la Mwarabu yule ndilo jina la ukoo wao mpaka leo. Waliipata karatasi ya 1921, wakatuletea picha yake tuwasaidie kusoma majina ya wapangaji, maana mzazi yule aliona hayo ni majina ya Kiislamu na sisi ndio kazi yetu. Tuliyasoma. Walikuwa wapangaji tisa, wote mabaharia, na umri wa wote uliandikwa miaka kamili isiyo na mwezi hata mmoja, jambo linaloonyesha kuwa mwenye nyumba alikisia tu. Lakini juu ya wapangaji, chini ya jina la mke, yumo mtoto wa kiume wa miaka minne na miezi saba. Huyo ndiye babu wa kijana. Mahali pa kuandika uhusiano wake na mkuu wa nyumba hapakuandikwa “mwana”. Pameandikwa kuwa ni mtoto wa kulea. Na pale pa wazazi pameandikwa: baba amekufa.

Tulinyamaza kidogo, kwani tulifahamu kuwa lile walilolileta silo tena swali la kusoma majina.

Yafaa ijulikane kuwa Uingereza haikuwa na sheria ya kupanga watoto mpaka ilipotungwa mwaka 1926, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Kabla yake mtu alimchukua mtoto wa jirani, au wa ndugu ya mke, au wa rafiki aliyekufa vitani au baharini, akamlea na kumpa jina lake, bila ya hakimu wala cheti. Kwa watoto wa namna hiyo, karatasi ya 1921 huenda ikawa ndiyo pekee iliyobaki duniani inayosema kuwa huyu hakuzaliwa na yule. Vita vilikuwa vimeacha mayatima wengi. Basi mwenye kutafuta katika daftari hili ajiweke tayari kwa hayo.

Hukumu yetu katika jambo hili haina mzozo. Zayd bin Haritha, radhi za Mungu ziwe juu yake, alilelewa na Mtume na watu wakimwita Zayd bin Muhammad, kisha iliposhuka amri katika Sura ya Al-Ahzab akarudishiwa jina la baba yake. Kulea yatima ni jambo lenye ujira mkubwa, lakini halibadilishi nasaba: hakuna urithi ila kwa wasia usiozidi thuluthi, na umahram hauji kwa jina bali kwa damu au kunyonya au ndoa. Kijana yule aliuliza kwa barua kama wamekuwa wakidanganya kwa kujiita watu wa Yemen. Tukamjibu kuwa asiyejua hana dhambi, na kwamba Mwarabu yule aliyejaza karatasi kwa mkono wake hakudanganya hata kidogo. Aliulizwa na karani wa nchi ya kigeni, ambaye asingaliweza kujua, naye akaandika kweli. Angaliweza kuandika “mwana” na hapana mtu angalimkanusha. Sisi twaliona neno hilo moja kuwa ni ushahidi mzuri wa dini ya mtu yule kuliko tungalivyopata katika msafara wa nasaba ndefu.

Lakini anaye shangazi, mwenye umri wa miaka themanini, binti wa mtoto yule, ambaye maisha yake yote amejifakhiri kwa babu yake wa Yemen. Je, aambiwe? Mzazi wa mwanafunzi wetu alisema asiambiwe, kwani ni kumvunja moyo mtu mzima pasina faida, na kusitiri ni bora. Sisi tulisema kuwa kusitiri ni kwa aibu, na hapa aibu haimo. Aliyemlea baba yake alimlea vyema, na huenda bibi yule anazo habari alizozisikia utotoni ambazo hakuzijua maana yake, na siku akifa zimekwenda naye. Tulibishana kwa adabu, na mpaka tunaandika haya hajaambiwa. Kijana anatafuta kwanza cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Vyeti vya kuzaliwa Uingereza na Wales vinaandikishwa na Serikali tangu 1837, na umri wa miaka minne na miezi saba katika Juni 1921 watuambia kuwa alizaliwa kiasi cha Novemba 1916. Hili ndilo tulilolikusudia tuliposema kuwa miezi ile ina faida.

Wenye kutafuta mabaharia wana hazina nyingine. Katika hifadhi ya mji wa Southampton zimewekwa kadi za mabaharia wa meli za biashara za Kiingereza za miaka 1918 hadi 1921, na nyingi katika hizo zina picha ya uso wa baharia mwenyewe, pamoja na mahali alipozaliwa na mwaka wake na kimo chake. Wamo Waarabu, Wasomali na Wahindi. Basi mtu ambaye karatasi ya 1921 imemkosa kwa kuwa usiku ule alikuwa baharini, huenda kadi yake ikaonyesha sura yake.

Kuhusu gharama, tuseme yaliyo kweli: si bure. Ilipofunguliwa mwaka 2022, kuisoma nakala ya nyumba moja katika mtandao ilikuwa pauni 2.50, na kuiona picha ya karatasi pauni 3.50, na watu wengi huko Uingereza walinung'unika kuwa habari za wazee wao zinauzwa. Lakini aliyeweza kufika kwa miguu yake Kew, au Maktaba Kuu ya Manchester, au Maktaba ya Taifa ya Wales kule Aberystwyth, alisoma bila ya malipo. Kwa hiyo mwenye jamaa huko ni bora amtume kuliko kulipia jina baada ya jina kwa kukisia. Wamarekani walifanya ukarimu zaidi: hesabu yao ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, kwani wao hufunga miaka 72 tu, na kila mtu aliisoma bure. Karatasi za Scotland za 1921 ziko mbali na hizi, zilifunguliwa peke yake mwishoni mwa Novemba 2022. Ireland haikuhesabiwa mwaka ule kwa sababu ya vita vya kudai uhuru; hesabu yake ilikuwa tarehe 18 Aprili 1926, ambayo miaka yake 100 yatimia tarehe kama hiyo 2026.

Na mtu asiseme kuwa atangoja ifunguliwe ya 1931 ndipo aanze. Karatasi zote za Uingereza na Wales za 1931 ziliungua katika moto mwezi wa Desemba 1942 huko Hayes, wala si kwa mabomu kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1941 hawakuhesabu kwa sababu ya vita. Kwa hiyo baada ya 1921 hesabu inayofuata ni ya 1951, ambayo haitazamiwi kufunguliwa kabla ya 2052. Baina yao ipo orodha moja tu iliyofanywa tarehe 29 Septemba 1939 kwa ajili ya vitambulisho vya vita, nayo ina tarehe kamili za kuzaliwa. Lakini mistari ya watu wanaodhaniwa wahai imefunikwa kwa weusi.

Kwetu hapa watu walihesabiwa 1948 katika Tanganyika na Kenya na Uganda na Unguja, na tena 1957 Tanganyika na 1958 Unguja na Pemba. Lakini vitabu vilivyotolewa kwa wasomaji ni vya jumla: wanaume wangapi, wanawake wangapi, wilaya fulani ina watu wangapi. Jina la bibi yako halimo. Majina yetu yamo katika madaftari ya ndoa na talaka ya makadhi, katika hati za wakfu, katika kurasa za mwanzo za misahafu ya zamani ambako wazee waliandika tarehe za kuzaliwa watoto wao, na katika vichwa vya wazee waliobaki. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar iliyopo Kilimani inayo makaratasi mengi ya mahakama, na mwenye kwenda kwa adabu na jina na mwaka wa kukisia husaidiwa.

Mwenye kuanza aanze nyumbani. Akae na mkubwa wa ukoo, aandike analolisema hata kama anadhani limekosewa, aandike na tarehe aliyoambiwa na nani kamwambia. Kisha ndipo aende kwenye karatasi za Serikali, na zikikhitilafiana na maneno ya mzee asikimbilie kusema mzee amesema uwongo, kwani tumeona kuwa karani naye alikosea sana. Na kwa wale ambao jamaa zao wako Cardiff au South Shields au Liverpool, na wamepata karatasi yenye majina ya Kiislamu yaliyoharibika kwa mwandiko wa Kizungu, watuletee picha yake. Tutajitahidi kuyasoma.